Kadi Zimetoka

Kwenye ukoo wetu kuna mkwe anaitwa Limau. Hakuna aliyewahi kumwona, hana picha, hajatoa mahari hata ya mguu wa mbuzi, lakini kila sikukuu lazima atokee mtu wa kuniuliza, "Na Limau hajambo?" Hapo watu watacheka mpaka wapaliwe na pilau. Nimewaacha wasimulie wao miaka yote hii na kila mwaka wanaongeza chumvi. Leo nasimulia mimi niliyekuwepo.

Shangazi yangu anaishi Muheza. Aliyewahi kwenda Tanga kwa basi wakati wa msimu anajua Muheza ni nini: machungwa kushoto, machungwa kulia, na machungwa mengine yameingia ndani kwa dirisha kabla hujaamua kununua. Shangazi yeye ana miti michache ya malimau nyuma ya nyumba, na mwaka ule ilizaa kama imetukanwa. Siku moja alfajiri akanipigia simu: "Nenda stendi ukapokee mzigo, nauli nimeshamlipa kondakta." Akakata. Shangazi huongea na simu kama anayelipia kwa herufi.

Kiroba kilikuwa na malimau 62. Niliyahesabu mara mbili. Mimi naishi peke yangu, chumba na sebule, Tabata, na mtu mmoja hawezi kumaliza malimau 62 hata akipata mafua ya mwaka mzima.

Njia ya kawaida ingekuwa achari. Mama yangu ni fundi wa achari. Mimi nimekua nikilinda machupa yake uani yasiangushwe na kuku. Unachanja limau, unatia chumvi, unaliacha lilegee, pilipili na viungo vifuate, halafu unaweka juani siku kadhaa. Inakaa miezi na miezi. Ningefanya achari, stori hii isingekuwepo na mjomba wangu angekuwa bado ananiheshimu.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaona mambo. Nilifanya mafunzo kwa vitendo miezi mitatu jikoni kwenye hoteli moja Unguja, na huko nilikutana na kitu wapishi walikiita kadi. Ni krimu nzito ya limau, rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Waingereza huipaka kwenye mkate na kwenye skonzi wakati wa chai, na zamani wengine waliiita jibini ya limau, ingawa haina hata tone la maziwa ya mgando. Ina vitu vinne: limau, sukari, mayai, siagi. Ukiilamba, kwanza unafumba jicho moja kwa uchachu, halafu siagi inakuja kukubembeleza na unalifumbua. Nikasema, basi, hii ndiyo biashara yangu. Achari kila mtu anayo. Kadi Tabata nzima nitakuwa nayo mimi.

Vipimo nilikuwa navyo kwenye daftari: malimau 4, mayai 3, sukari gramu 200, siagi gramu 100. Nikanunua trei moja la mayai, yako 30.

Mayai matatu ya kwanza yalikufa kwa sababu ya sufuria. Nilitumia sufuria yangu ya kila siku, ya aluminiamu, ambayo imepika ugali na maharage kwa uaminifu bila kulalamika. Kumbe aluminiamu na limau hawapatani. Uchachu unaila ile sufuria, ladha ya bati inahamia kwenye chakula, na ile njano uliyoitegemea inakuwa ya kijivu chenye ukijani. Nilionja. Ilikuwa kama kulamba sarafu iliyotoka kwenye daladala.

Mayai matatu ya pili yalikufa kwa haraka yangu mwenyewe. Nilihamia bakuli la stili, sawa, ila nikaliweka moja kwa moja kwenye moto wa gesi. Kadi haitaki kuona moto uso kwa uso. Inataka mvuke: maji yachemke taratibu kwenye sufuria ya chini, bakuli likae juu bila kugusa maji, wewe ukoroge bila kuondoka. Yai linaganda polepole likifika nyuzijoto 75 hadi 80 hivi, na hapo ndipo krimu inaposhika. Ukilipeleka karibu na kuchemka linakunjana kwa hasira. Langu lilikunjana. Nikabaki natazama mabonge ya yai yanaelea kwenye maji ya limau. Ilikuwa imebaki chipsi tu.

Mayai 24 yaliyobaki niliyaheshimu. Nilipika kwa awamu nne, mayai sita sita, kwenye mvuke, mwiko wa mbao mkononi, simu nimeizima. Kila awamu karibu robo saa ya kukoroga. Unajua imeiva pale inapoganda kwenye mgongo wa mwiko, ukipitisha kidole njia inabaki wazi. Nikachuja kwa chujio la chai, maana hata ukoroge vipi hakukosi uzi mmoja wa ute unaotaka kukuaibisha, nikatia siagi kipande kwa kipande nikiendelea kukoroga. Saa sita usiku nilikuwa na chupa ndogo 24, zinang'aa mezani kama taa. Nilikaa nikazitazama tu. Sina mtoto bado, lakini nadhani ndivyo wanavyohisi.

Sasa niungame madhambi matatu, kwa mpangilio wa ukubwa.

Sukari nilitia nusu. Bei ilikuwa imepaa, na pia nilitaka kuandika "haina sukari nyingi" kwenye karatasi ya chupa. Sikufikiri kwamba ile sukari haipo kwa utamu tu. Ndiyo inayoyashika maji yasiwe ya kila mdudu.

Chupa niliziosha vizuri, halafu nikazifuta kwa kitambaa cha jikoni. Badala ya kuzichemsha. Kitambaa chenyewe ndicho nilichofutia meza tangu Jumatatu.

La tatu ndilo baba lao. Friji langu ni lile linalofika kiunoni, na nusu yake hukaa barafu za kuuza za jirani. Chupa zilizoingia ni tatu tu. Zile 21 zilizobaki nikajiuliza, mama angefanyaje? Mama angeziweka juani. Asubuhi nikazipanga juu ya ukuta wa uani, zipigwe jua siku tatu, zikolee. Mayai na siagi. Kwenye jua la Dar es Salaam.

Niliingia ndani najisikia mtaalamu, nikaandika kwenye status ya WhatsApp:

"Kadi zimetoka! Chache sana. 5,000 tu. Lipia mapema kwa namba hii hii."

Mwenzangu msomaji kama umekulia Tanzania umeshashika kichwa. Mimi sikushika. Kichwa changu kilikuwa kimekaa jikoni wiki nzima. Kwangu kadi ilikuwa kitu cha kupaka kwenye mkate. Kwa watu wengine wote wa nchi hii, kadi zikitoka ni za mchango wa harusi.

Dakika ya tatu, shoga yangu wa chuo: "HONGERA! Yaani kimya kimya hivyo!" Nikajibu, "Asante, nimehangaika nayo sana, mbili za kwanza ziliharibika." Akaniandikia, "Pole jamani. Mungu ni mwema, hii itadumu."

Nikaona ni mtu wa imani.

Mwingine: "Ukumbi gani?" Nikamwambia, "Ukumbi wa nini, uani kwangu tu." Akasema, "Safi sana, watu wanajitia madeni bure."

Mwingine: "Rangi?" Nikajibu kwa fahari, "Njano iliyokolea."

Pesa zikaanza kuingia. 50,000. 30,000. Nyingine 30,000. 20,000. Halafu 50,000 tena yenye ujumbe, "Nimelipa dabo kabisa." Nikapiga hesabu: 180,000 kwa 5,000 ni chupa 36, na mimi ninazo 24. Biashara imezidi uwezo siku ya kwanza! Usiku ule nililala nikifikiria kuajiri. Kwamba hakuna hata mmoja aliyeuliza aje kuchukua saa ngapi, sikuliona hilo. Pesa ikiingia huwa haiulizwi maswali.

Keshoyake mama akapiga kutoka Morogoro. Hapa niseme jambo moja kuhusu Kiswahili. Lugha hii imewekewa ngeli makusudi kabisa ili kuzuia ajali kama iliyonipata. Ngeli zikiwa kazini, limau haliwezi kuoa mtu. Lakini siku ile mtandao ulikuwa unameza silabi, na mama alikuwa sokoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasikia kadi zimetoka."

"Zimetoka mama. Ishirini na nne."

"Ishirini na nne! Upande wa baba yako peke yao wanajaza basi! Na mimi nimezisikia kwa watu?"

"Yako ipo mama, nimekuwekea kwenye friji."

Kimya kidogo. Nadhani alikuwa anaitafakari friji.

"Sasa ni ya nani hiyo?"

"Ya limau."

"Limau?"

"Limau, mama. Shangazi ndiye kaniletea. Kutoka Muheza."

"Wifi yangu. Kakuletea. Na mimi mama yako nipo hai, napumua?"

"Hata mimi sikutarajia mama. Kapiga simu alfajiri, kasema nenda stendi ukapokee."

"Stendi!"

"Ndiyo."

"Ukapokea?"

"Ningefanyaje mama, na nauli imeshalipwa."

Nilimsikia akimwomba mtu kiti.

"Lakini wewe mwenyewe," akasema baadaye, sauti imeshuka, "unapenda? Usinifiche."

"Napenda sana mama. Uchachu kidogo tu, ila ukitia sukari unazoea."

Mama akashusha pumzi ndefu. "Ndivyo walivyo wote mwanangu. Baba yako miaka ya mwanzo ilikuwa hivyo hivyo."

Akakata simu. Nikashangaa baba ameingiaje kwenye mambo ya malimau, nikarudi kupanga oda.

Yaliyofuata Morogoro niliyasikia baadaye. Mama alimpigia shangazi simu ya karibu saa nzima. Alimwambia hajawahi kuona dharau kama ile, mtu unaamua mambo ya mtoto wa mwenzio bila kumshirikisha mama mzazi. Shangazi, ambaye alichojua yeye ametuma kiroba cha matunda, akajibu, "Wifi, kama hamtaki mseme. Mwaka jana si nilimpelekea dada yake na mkashukuru?" Dada yangu ni mke wa mtu. Mama akalazwa kwenye kochi.

Mjomba, ambaye ni mtu wa vitendo, akafungua kundi la WhatsApp usiku ule ule, akajiteua mhazini.

Huku uani kwangu siku ya tatu jirani akanigongea. "Dada, vile vichupa vyako vinakoroma." Nikatoka. Kweli. Ukiinama ulisikia kisauti chembamba, ssss, kama mtu anayenyonya meno kwa dharau. Mifuniko ilikuwa imevimba juu, yote, kama inataka kusema kitu. Mimi nikajua ndiyo imekolea. Achari nayo hutoa mapovu kidogo, si ndivyo? Nikachukua kumi nikazipanga kwenye sinia sebuleni, tayari kwa wateja wa Jumamosi, nikaziwekea na kitambaa cha kushona.

Jumamosi saa nne asubuhi, hodi. Zamani kutoka Morogoro hadi Dar ungepata muda wa kujiandaa: mtu anaondoka stendi, foleni ya Kibaha, anakupigia akifika Mbezi. Siku hizi kuna treni ya umeme, mama mkwe au mama mzazi anakufikia kabla hujapiga mswaki. Nikafungua mlango.

Walikuwa saba. Mama, mama mdogo, mjomba, na kinamama wanne wa jumuiya. Wote wamevaa njano. Njano iliyokolea. Kitambaa kimoja, mishono tofauti, na mjomba kashonewa shati la mikono mifupi lenye mfuko wa kalamu. Mama mdogo kabeba mkungu wa ndizi kichwani.

Nilidhani wamekuja kuunga mkono biashara. Machozi yakanilengalenga. Nikasema moyoni, familia nyingine zinakatisha watoto tamaa, yangu imeshona sare.

Wakakaa. Mama haniangalii usoni, anaangalia mlango wa chumbani. Mjomba akakohoa kile kikohozi cha kuanzia hotuba. "Mwanetu, sisi hatukuja kwa ubaya. Yaliyopita baina ya mama yako na shangazi yako tumeyaweka kando. Mtoto akipenda, mkubwa anafuata. Tumekuja kumwona Limau."

Kumwona.

Silabi moja tu. Ile -mw- ilinigonga kama mlango wa daladala. Nikaangalia yale mavazi ya njano. Nikakumbuka "hii itadumu." Nikakumbuka ukumbi. Nikakumbuka laki moja na themanini elfu iliyomo kwenye simu yangu, na mama akisema ndivyo walivyo wote.

"Mjomba," nikasema, "Limau si mtu."

"Usiseme hivyo," akasema mama mdogo kwa upole. "Hata awe vipi."

"Mama mdogo, ni limau. Tunda! Kadi ni hizi hapa!" Nikaonyesha sinia.

Mjomba akachukua chupa moja. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, "Kadi ya limau, haina sukari nyingi." Akaitazama juu, akaitazama chini, kama mtu anayetafuta tarehe ya harusi. Halafu, kabla sijafungua mdomo, akazungusha mfuniko.

Sijui niueleze vipi mlio ule. Haukuwa wa soda. Soda ina adabu. Ulitoka kama kikohozi cha ng'ombe. Ile krimu ilipaa yote kwa mara moja, ikagonga dari, ikarudi kwa kusambaa. Na chupa ya pili kwenye sinia, sijui kwa mshtuko wa meza au kwa kumuunga mkono mwenzake, ikang'oa mfuniko yenyewe. Uani nako kukasikika paa! na jirani akipiga yowe. Harufu ikajaa nyumba: limau, siagi iliyokaa, na kitu kama mnazi wa juzi.

Kwa muda hakuna aliyesema kitu. Watu saba wamekaa, krimu ya njano inawatiririka, na kwa kuwa wote walikuwa wamevaa njano, hakuna aliyeonekana amechafuka. Ni mjomba tu, kwa sababu ya miwani.

Mama alichovya kidole begani kwake. Akanusa. Hakulamba, ana akili. Akauliza swali moja, "Ndani kuna nini?"

"Limau mama. Sukari. Siagi. Mayai."

"Na uliziweka wapi?"

"Juani. Siku tatu. Kama achari."

Nimewahi kuchapwa na mama yangu. Nimewahi kununiwa wiki mbili. Lakini sijawahi kuangaliwa vile. "Achari," akasema taratibu, kana kwamba anamfundisha mtoto wa wageni, "ni chumvi. Chumvi nyingi na pilipili. Achari niliyokufundisha ilikuwa na yai ndani? Uliniona lini naanika yai?"

Uchachu wa limau peke yake haukuwa na ubavu. Yai na siagi vimeupunguza, sukari nimeiibia, chupa nimezifuta na kitambaa chenye historia, halafu nikawapa vijidudu joto waliloliomba maisha yao yote. Walichacha, wakatoa gesi, mfuniko ukaizuia mpaka mjomba akaja kuwafungulia. Mambo haya nilipaswa kuyajua. Kule hotelini kadi ilikuwa haivuki mlango wa chumba cha baridi, na kila chupa iliandikwa tarehe. Ukiwa na friji la heshima inakaa wiki tatu hivi, ukiigandisha inakaa miezi. Kabatini haikai, na juu ya ukuta wa uani Tabata hairuhusiwi kabisa.

Tulimwaga zote 21, zilizopasuka na ambazo hazijapasuka, bila mtu kuonja. Jirani aliyepigwa na mfuniko aliridhika kwa mkungu wa ndizi.

Halafu nikakumbuka zile tatu za kwenye friji. Sikutaka kuzitoa, nilikuwa nimeshaaibika vya kutosha, lakini mama mdogo aliziona alipokwenda kutafuta maji. Zilikuwa zimetulia, mifuniko bapa, hazikoromi. Nikaleta mkate. Mama alikataa kwanza. Kisha akasema alambe kidogo tu ajue ni kitu gani kimemgombanisha na wifi yake. Akafumba jicho moja. Akalifumbua. Akavuta chupa karibu yake na hakuisogeza tena mpaka ilipoisha.

"Uchachu upo," akasema akikwangua chini kwa kijiko, "lakini sukari umemnyima mwenzio."

Jioni nilianza kurudisha pesa. Shoga yangu wa chuo akazikataa: "Usinirudishie. Siku ukimpata wa kweli nisidaiwe tena, mimi nimeshamaliza." Wengine nao wakasema vivyo hivyo, na yule wa dabo akasema anataka risiti.

Kwa hiyo kundi halijavunjwa. Nimejitoa mara mbili, mjomba amenirudisha mara mbili. Anasema bibi harusi hawezi kutoka kwenye kamati yake mwenyewe. Kila mwisho wa mwezi anatuma ile orodha, majina, ahadi, taslimu, na kila mwezi mstari wa kwanza ni ule ule:

"1. Shangazi Muheza. Ahadi: malimau 62. Amekamilisha."